Kompyuta mpya, prosesa inachemka: anzia hapa kabla hujanunua feni nyingine

Kaskazi ikianza kuvuma tu, simu yangu hujaa picha za skrini. Picha ni ile ile: namba nyekundu za joto, 94, 97, 100, na chini yake maneno mawili, "Fundi, vipi?" Kompyuta imefungwa jana, vifaa vimevuka na boti kutoka Dar au vimeletwa na shemeji kutoka Dubai, na mwenyewe keshakata hukumu kwamba prosesa ni mbovu.

Kwenye meza yangu hapa Mlandege sijawahi kukuta kompyuta mpya inayochemka kwa sababu prosesa ilitoka mbovu kiwandani. Nilichokuta ni plastiki isiyobanduliwa, pini iliyokataa kushika, waya wa feni uliochomekwa pasipo pake, na kompyuta iliyofungiwa kabatini kama mwari. Haya yote unaweza kuyatengeneza mwenyewe, mengi bila kutoa hata senti. Nimeyaandika mara moja ili nisiyarudie kila siku. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana watu wengi hurukia ya mwisho na kununua kipoza kipya (chuma na feni vinavyokaa juu ya prosesa), wakakifunga kwa kosa lile lile.

Kwanza, kweli ina joto?

Feni haitengenezi baridi. Inapuliza hewa ya chumba chako juu ya chuma kilichokaa kwenye prosesa, basi. Kwa hiyo prosesa haiwezi kupoa kuliko chumba, na chumba kikipanda digrii moja, nayo hupanda karibu digrii moja. Yule kijana wa Ulaya anayejisifu kwenye video kwamba prosesa yake ina 60 akicheza gemu, chumba chake kina 20. Chako, saa nane mchana mwezi wa Februari, kina 32. Ongeza hizo 12 utapata 72, na mko sawa kabisa.

Ndiyo maana mtu akiniambia "ina 85" namuuliza chumba kina ngapi. Ninachotaka ni tofauti. Kwa uzoefu wangu, kompyuta iliyotulia huwa juu ya chumba kwa digrii 10 hadi 20. Ikifanya kazi nzito na kipoza kile kilichokuja kwenye boksi, tofauti ya 40 hadi 55 ni ya kawaida. Ikizidi 60, endelea kusoma.

Ukomo wa prosesa nao hutofautiana. Intel Core nyingi za miaka hii ukomo wake ni 100. Ryzen, yaani prosesa za AMD, za mfululizo wa 5000, nyingi ni 90 au 95. Ryzen 7000 zenye herufi X zimetengenezwa kwa makusudi zipande hadi 95 zikibanwa na kazi nzito na zikae hapo hapo, kwa hiyo mwenye 7700X usipige kelele. Prosesa ikigusa ukomo hupunguza mwendo yenyewe, na joto likizidi tena kompyuta hujizima. Haitaungua mikononi mwako leo, hivyo vuta pumzi.

Jambo jingine linalowatisha bure wageni wa Ryzen: kompyuta imetulia, namba inaruka 45, 58, 47, 60. Unafungua folda tu, inaruka. Ndivyo zilivyo. Na ukisoma joto ukiwa ndani ya bayosi (kurasa za mipangilio zinazofunguka kabla ya Windows) utaliona juu kuliko kwenye Windows, kwa sababu bayosi haiiruhusu prosesa kulala. Usiliamulie jambo huko.

Kabla hujaanza, weka karibu:

- Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati, iwe na shingo ndefu kidogo.
- Pesti ya prosesa, ule uji mzito wa kupitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye kipoza, kichupa kimoja. Dawa ya meno si pesti. Naandika hivi kwa sababu imetokea.
- Spiriti kutoka duka la dawa. Ya asilimia 90 na zaidi ni bora; ya 70 inafaa ukiiacha ikauke vizuri.
- Kitambaa kisichotoa nyuzi: cha kufutia miwani, au fulana ya pamba iliyochakaa ikafuliwa mara mia. Karatasi ya chooni hapana, inaacha unyoya.
- Tochi, hata ya simu.
- Kipimajoto cha chumba. Namba kwenye rimoti ya AC ni ile uliyoiomba, si ile iliyopo.
- Programu ya HWiNFO ya kusoma joto na Cinebench ya kuitesa prosesa. Zote ni za bure.

Hatua ya 1: Pima, uandike

Andika joto la chumba. Washa kompyuta, usifungue kitu, subiri dakika kumi, andika. Kisha endesha Cinebench dakika kumi na uikodolee macho HWiNFO: kwa Intel tazama mstari wa CPU Package, kwa AMD tazama Tctl/Tdie.

Usiangalie namba ya juu peke yake, angalia *inavyopanda*. Hapa ndipo nusu ya ugonjwa hujulikana kabla hujagusa skrubu hata moja.

Ikiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde tano au kumi, joto halitoki kwenye prosesa kuingia kwenye chuma. Ni tatizo la mgusano: plastiki, pesti, pini. Nenda hatua ya 2, kisha ya 4.

Ikipanda taratibu, 70, 75, 80, na dakika kumi zikiisha iko 92, chuma kinafanya kazi yake ila hewa ya moto haina pa kutokea. Tatizo lako liko hatua ya 3 na ya 6.

Ikiwa inapanda hata ukiwa hufanyi kitu, fungua Task Manager. Ukikuta prosesa inatumika asilimia 80 na wewe umekaa tu, tafuta programu inayoila. Gemu za kukopiana kwa fleshi mara nyingine huja na mgeni anayechimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wako.

Hatua ya 2: Feni inazunguka, na imechomekwa pake?

Fungua ubavu wa kasha, washa, tazama kwa macho. Feni ya prosesa lazima izunguke, na waya wake uwe kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Ukiuweka kwenye pini za feni za kasha huenda ikazunguka, lakini pole pole, kwa kufuata joto la mahali pengine. Angalia pia kama kuna waya ulioangukia mapanga yake.

Kwa kipoza cha maji, pampu ndiyo moyo. Waya wake huwa kwenye AIO_PUMP au CPU_FAN, na HWiNFO ionyeshe inazunguka. Ikionyesha sifuri, maji yamesimama, na maji yaliyosimama hayampozi mtu. Kama prosesa ina 95 na mabomba yote mawili ni baridi ukiyagusa, ama pampu haifanyi kazi ama kichwa chake hakikukaa sawa.

Hatua ya 3: Jaribio la ubavu wazi

Rudia Cinebench ubavu ukiwa wazi. Zima pangaboi na usielekeze feni ya mezani ndani ya kasha, utajidanganya. Joto likishuka kwa digrii 7, 8 au zaidi, kasha linanyimwa hewa. Nenda hatua ya 6. Lisiposhuka, au likishuka moja mbili, ubaya uko kwenye kipoza chenyewe.

Nyongeza: ikiwa namba inasoma 98 na ukigusa pembeni mwa chuma cha kipoza kwa kidole unakuta ni vuguvugu kama chai iliyosahauliwa, umeshapata jibu. Moto umebaki chini.

Hatua ya 4: Toa kipoza, usome alama

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo watu wanaiogopa. Usiogope, ila usiwe na pupa.

Endesha kompyuta dakika tano ili pesti ilainike. Izime, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma cha kasha kutoa umeme wa mwilini. Laza kasha ubavu. Chomoa waya wa feni kwanza. Wengi huusahau wakaung'oa pamoja na pini zake.

Onyo kwa wenye soketi, yaani kiti cha prosesa, ya AM4 (Ryzen hadi mfululizo wa 5000): usikivute kipoza moja kwa moja juu. Kizungushe kidogo kushoto na kulia mpaka ukisikie kimeachia, ndipo unyanyue. Prosesa za AM4 zina pini 1331 chini yake, na kipoza kilichogandamana huing'oa prosesa ikiwa bado imefungwa kwenye soketi. Nimenyoosha pini hizo kwa ncha ya wembe na miwani ya babu, na sitamani kurudia.

Sasa geuza kipoza, uangaze tochi. Pesti inakuambia kila kitu.

Ukiona duara au mraba uliosambaa mwembamba kote, mgusano ulikuwa mzuri. Ukiona upande mmoja umejaa na mwingine mtupu, kama chapati iliyopakwa samli nusu, kipoza kilikaa mshazari. Ukiona kitone katikati kimelala vile vile ulivyokiweka, kipoza hakikugusa kabisa. Na ukiona mng'ao laini unaoteleza, pengine na maandishi ya kukuambia uutoe, hiyo ni plastiki ya kiwandani.

Usicheke. Kompyuta yangu ya kwanza niliifunga usiku, umeme ulikuwa umerudi saa nne na nikataka iwake kabla haujakatika tena. Siku mbili nzima nikaitukana prosesa, nikamwandikia aliyeniuzia ujumbe wa maneno makali. Siku ya tatu nikakitoa kipoza na plastiki ikabanduka na kidole changu, ina pesti juu yake, safi kama kioo. Ule ujumbe niliuombea radhi.

Hatua ya 5: Safisha, paka, rudisha

Futa pesti yote, juu ya prosesa na chini ya kipoza, kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Acha pakauke.

Kama kipoza ni kipya kabisa na kina pesti ya rangi ya majivu iliyopakwa kiwandani, usiongeze yako juu yake. Lakini kikishakalishwa mara moja na kutolewa, pesti ile imekwisha kazi. Futa, weka mpya.

Kiasi: punje moja ya mbaazi katikati. Kwa Intel za soketi ya LGA1700 (kizazi cha 12 hadi 14), ambazo ni ndefu zaidi, weka mstari mfupi wa kufuata urefu wake. Usisambaze kwa kidole, uzito wa kipoza utasambaza. Ikizidi kidogo haiui. Ikipungua ndiyo tabu.

Kurudisha ndiko kunakoharibikia wengi, na inategemea aina.

*Kipoza cha Intel chenye pini nne za kusukuma.* Hiki kidude kimenipa riziki. Kila pini ina kichwa chenye mshale, na mshale unaonyesha upande wa *kufungulia*. Kabla ya kukalisha, hakikisha vichwa vyote vinne vimezungushwa kinyume cha mshale. Kalisha miguu kwenye matundu, kisha sukuma pini mbili za mshazari kwa pamoja, dole gumba huku na dole gumba kule, mpaka zilie "ta!" Halafu mbili zilizobaki. Madabodi, kile kibao kikubwa kilichobeba vifaa vyote, itapinda kidogo na moyo utakudunda. Kama unaweza, itoe nje ya kasha, uiweke juu ya boksi lake. Ukimaliza igeuze: nyuma uone ncha nne zimetokeza sawasawa. Tatu zikitokeza na moja imejificha, ndiyo 97 yako hiyo.

*Kipoza cha skrubu.* Ingiza zote nne kwa mikono kwanza. Kisha kaza kwa mshazari, mizunguko miwili mitatu kila moja, kama fundi wa gari anavyokaza nati za tairi. Ukiimaliza moja kabla ya kugusa nyingine, kipoza kitainama. Kwenye AM4, ukifungua vishikio vya plastiki vya juu, bati la nyuma ya madabodi linaweza kudondoka. Lishike kwa mkono mwingine.

Kwa wanaohamisha kipoza kutoka kompyuta ya zamani: matundu ya LGA1700 yameachana milimita 78, yale ya LGA1200 na LGA1151 ya kabla yake ni 75. Kipoza cha zamani bila vishikio vyake vipya hakitakaa, na muuzaji akikwambia "kitaingia tu, kisukume", ondoka.

Rudia kipimo cha hatua ya 1. Ikiwa tatizo lilikuwa mgusano, utaona namba imeporomoka kwa digrii 20 au 30, na unaweza kuishia hapa.

Hatua ya 6: Hewa iingie, hewa itoke

Feni ya kasha ina upande mmoja wazi na mwingine wenye mikono ya plastiki inayoshika mota. Hewa huingia upande wazi, hutokea upande wa mikono. Kata kipande chembamba cha tishu ukiweke karibu: kikivutwa, feni inavuta, kikisukumwa, inapuliza. Za mbele ziingize, ya nyuma na za juu zitoe. Nimeona kasha lenye feni sita, zote zinatoa, taa za rangi zote za bendera, na ndani mnawaka moto.

Feni ya kipoza kirefu cha mnara nayo ipulizie upande wa nyuma ya kasha, isipigane na nyingine.

Kisha mahali. Acha nafasi ya kiganja kizima nyuma na pembeni. Kabati lenye mlango ni tanuri. Na kwa jirani zangu wa Mji Mkongwe: kidaka kilichochongwa ukutani kiliwekwa kwa ajili ya sahani na mabakuli. Kasha linaingia humo kwa uzuri kabisa, nakubali, lakini pande tatu ni ukuta wa mawe na hewa ya moto inarudi pale pale.

Kuzuia vumbi kwa kitambaa cha chandarua mbele ya kasha si vibaya kama unakiosha. Kikijaa vumbi, umeliziba pua.

Hatua ya 7: Bayosi, kwa kiasi

Fika hapa tu kama mgusano ni mzuri na hewa inapita, lakini bado ni moto. Madabodi nyingi hutoka kiwandani zikiiruhusu prosesa kunywa umeme bila kipimo. Core i5-12400, kwa mfano, imepangiwa wati 65 kwa kazi ya kuendelea na 117 kwa mruko wa muda mfupi. Tafuta mipaka hiyo, huandikwa PL1 na PL2, uirudishe hapo. Kwa Ryzen tafuta Eco Mode ya wati 65. Kwa gemu na kuhariri video za harusi utapoteza mwendo kidogo usiouona, na joto litashuka vizuri.

Mwenye Core i7 au i9 za kizazi cha 13 na 14 zenye herufi K, sasisha bayosi hata kama joto si tatizo. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipewa volti za kupita kiasi, na marekebisho yalikuja kupitia bayosi.

Onyo: usisasishe bayosi bila UPS, ile betri ya kushikilia umeme. Umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza isiwake tena. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kufundishwa habari hiyo, lakini bado kuna wanaojaribu wakati taa zinapepesa.

Bado inasumbua?

*Haiwaki tena, inaandika CPU Fan Error.* Waya wa feni umeusahau au uko kwenye pini zisizo zake. Rudi hatua ya 2.

*Haiwaki na haiandiki kitu.* Toa kipoza, kagua kama prosesa imekaa sawa na kama kuna pini iliyopinda. Vibao vya RAM navyo huachia madabodi inapopinda, vitoe uvirudishe.

*Kiini kimoja kina joto kuliko vingine.* Tofauti ya digrii 8 au 10 baina ya viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja peke yake, ni kawaida. Ikifika 15 na zaidi, kipoza kimeinama.

*Kipoza cha maji kinabubujika.* Hewa imekaa kwenye pampu. Rejeta, ile sehemu yenye feni inayopoza maji, iwe juu ya pampu, sehemu yake ya juu kabisa ipite usawa wa pampu, maana hewa hupanda.

*Usiku nzuri, mchana mbaya.* Pima tofauti. Ikiwa ni ile ile usiku na mchana, kompyuta ni nzima na chumba ndicho kinachochemka. Fungua dirisha la upande wa upepo.

*Ilikuwa nzuri miezi minne, sasa imeanza.* Vumbi, na kwa wanaokaa karibu na bahari, chumvi. Mapezi ya kipoza hufanya ukungu mweupe na skrubu hushika kutu. Kila baada ya miezi mitatu piga brashi kavu na upepo, huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke. Fungua vizuri, utazame ndani kabla ya kuwasha. Mara mbili nimekuta mjusi aliyejichagulia nyumba nyuma ya feni.

*Nimefanya yote na tofauti bado ni 65.* Basi kipoza ni kidogo kwa prosesa hiyo. Kipoza cha kwenye boksi mara nyingi kimekusudiwa prosesa za wati 65, na ukikiweka kwenye i7 yenye K kitashindwa hata ufanye nini. Hapo ndipo pesa yako ina kazi. Nunua cha mnara chenye mabomba manne ya shaba, lakini kwanza pima upana wa kasha ujue ubavu utafungika.

Na ukiamua kunirudishia mimi au kuirudisha dukani Dar, kipoza cha mnara kitoe kabla kompyuta haijapanda boti, ukifunge kando kwa gazeti. Bahari ya Julai inakitikisa kikining'inia kwenye madabodi, na nimepokea madabodi zilizofika zimepasuka.